Vitwitwi Wakiinuka

Mbodze hajui kuogelea. Miaka yote aliyokamata pweza kwenye mwamba wa Mayungu, kusini mwa Malindi, ameiweka roho yake kwa vitwitwi, ndege wadogo wanaodonoadonoa mwambani maji yakipwa. Wakiinuka wote kwa pamoja, maji yanarudi. Nawe rudi ufukweni.

Sheria hiyo iliharibika watalii walipoleta droni. Kidude kikilia angani, ndege huruka ovyo, na wanawake hukimbia bure na ndoo tupu.

Asubuhi moja ya bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida, vitwitwi waliinuka. Mbodze aliinua ndoo yake.

"Emily, twende."

Emily, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba kubwa. Alichutama, fimbo yake ya chuma imezama shimoni. "Mama nawe! Ni kile kidude cha wazungu. Jana ulitukimbiza, tukala ugali kwa chumvi."

"Leo sikisikii."

"Masikio hayo nayo! Nikimwacha pweza huyu, mwanao ndiye atakayenuna."

Mbodze alitazama juu, asione kitu. Akawafuata ndege kwa macho. Kidude kikiwatisha, huzunguka wakatua palepale. Hawa walivuka hadi mchanga mkavu, wakasimama kwa mguu mmoja mmoja, kama waliomaliza kazi. Na nyuma yake ngurumo ya mawimbi ilikuwa nzito zaidi, tena karibu.

 Alimshika Emily kwapani akamvuta. Chuma kilibaki na pweza wake.

Kati ya mwamba na ufuko kuna mkondo. Wakati wa kwenda, maji yaliishia magotini. Sasa yaliwafika kiunoni, kisha kifuani, yakisukuma kama ng'ombe. Emily aliteleza, kichwa kikazama. Mbodze alidaka leso aliyojifunga Emily, ikamponyoka, akadaka nywele.

"Mama, usiniachilie!"

"Funga mdomo, utakunywa maji."

Walikwenda kwa ncha za vidole, maji kidevuni, mpaka mchanga ukaanza kupanda.

Mtoto alizaliwa salama, na Emily amerudi mwambani. Mbodze hakamati pweza tena. Huwapa wenzake mgongo, akatazama mawimbi na ndege, nao humgawia fungu lake. Wanamwita askari. Akipaza sauti, hakuna anayebisha. Wasichojua ni kwamba kitwitwi mmoja tu akinyanyua bawa, yeye humtafuta Emily kwanza ndipo avute pumzi.