Msimamizi wa Veronika

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kibichi hunirudisha Namuwongo, kwenye chumba chetu kimoja karibu na reli, Jumapili aliyobatizwa mdogo wangu Veronika. Baba alikuwa fundi cherehani kule Nakivubo, mtu wa Bukavu aliyekimbia vita vya kwao akadhani amefika mahali pa kupumzika. Gauni la ubatizo alilikata kutoka kitambaa chetu cha meza, na ukitazama vizuri kwenye pindo ungeona doa la chai lililoshinda sabuni. Sabuni yenyewe siku hizo za serikali ya kijeshi ilikuwa ya kubahatisha.

Mtoto alikuwa dhaifu, na watu walikuwa wameanza kuogopa kukusanyika kanisani, ndiyo maana katekista wetu, Mzee Paulo, aliombwa aje nyumbani. Lakini mama hakuwa akilia kwa ajili ya hayo. Baba alikuwa amemchagua Afande Silvano awe msimamizi wa ubatizo.

Afande alikuwa jirani yetu. Kazi yake hakuna aliyeitaja. Tulijua tu kwamba magari yasiyo na namba yalimfuata mlangoni, na kwamba alivaa koti hata jua likiwaka.

"Unamkabidhi mtu yule mtoto wangu?" mama aliuliza.

"Mama Roza, akishakuwa ndugu yetu, hatatugusa," baba akajibu, macho yake kwenye pasi.

Roza ndiye mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na Afande alipoingia na kilo mbili za sukari nilimpenda papo hapo. Miezi mingi sukari tulikuwa tukiisikia tu.

Mzee Paulo alimwuliza, kama kitabu kinavyotaka, "Unamkataa Shetani?"

Sote tukatazama sakafu.

"Namkataa," Afande akasema kwa sauti nzito. Alimbeba mtoto vizuri, kiganja chini ya shingo, kama mtu aliyewahi kulea.

Maji yakamwagwa kwa kikombe cha plastiki, Veronika akapiga chafya, tukacheka. Hapo ingetosha. Lakini Mzee Paulo alifumba macho akaanza sala isiyokuwemo kitabuni, ya kuwaombea waliochukuliwa na hawajarudi. Akawataja: mwalimu wa kwaya, mwenye duka la dawa, mwanawe mwenyewe wa kuzaa. Mama alikohoa kwa nguvu. Mzee hakunyamaza. Mimi nilifumbua macho nikakuta Afande naye kayafumbua, akanikonyeza.

Tulikunywa chai tamu kupita kiasi. Mzee alipoaga, baba na mama wakamsindikiza hadi relini, Afande akaniita karibu.

"Huyu mzee nakaa wapi? Mimi nataka peleka yeye sukari kidogo."

Nilijua vizuri, maana mama alikuwa akinituma kwake. Nikamweleza kwa majivuno: Kamwokya, nyuma ya soko, mlango wa buluu, pembeni ya kinyozi. Hata nikamwonya juu ya mbwa.

Mama alirudi, baba nyuma yake, wakati natamka neno la mwisho. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Baba alitoka tena mbio kumtafuta Mzee njiani, akarudi jua likizama, viatu vimejaa matope. Hakumpata.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na katekista. Niliambiwa amehamia kwa ndugu zake, nami nikashangaa kwamba hakuaga. Afande aliendelea kuja kumwona mtoto wake wa ubatizo. Baba alimpokea kwa mikono miwili, mama akampikia, na mimi nikamweka Veronika mapajani mwake.

Nilikuwa nimeolewa, serikali ile imekwisha kuanguka, nilipomsikia mwanamke mmoja akisimulia jinsi Mzee Paulo alivyochukuliwa, na siku yenyewe: ileile ya ubatizo wa Veronika. Nikaukumbuka mlango wa buluu niliomwelekeza Afande. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufariki. Miaka yote ile hawakunikaripia wala kunigusia jambo hilo. Walilibeba wao, ili nikue kama watoto wengine. Hakuna aliyebaki wa kumwomba msamaha, na sijui kama ningethubutu.