Nilivyosimama nyuma ya supavaiza wangu kwenye mchujo wa chama chetu Dubai

Wakuu, habari za mapumziko.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na pale yanaponiaibisha sijapunguza kitu. Mimi ni Mkenya, kwa hiyo ndugu zangu wa Bongo na Unguja mnivumilie Kiswahili.

Ni mlinzi hapa Dubai, mwaka wa tatu sasa. Nalala Muhaisnah, kule tunakoita Sonapur, chumba kimoja na wenzangu watano.

Watu wa kaunti yetu tuna chama chetu huku. Kinasaidia mtu akiugua, akifiwa, au akigombana na kampuni. Lakini Mkenya hawezi kuunda chama bila kukigeuza bunge. Tukajigawa upande wa mlimani na upande wa bondeni, kama nyumbani. Kila upande unafanya mchujo kupata mgombea mmoja, halafu Desemba hao wawili wanakutana kwenye uchaguzi wenyewe.

Sisi wa mlimani mgombea wetu ni yuleyule tangu chama kianze. Tunamwita Chairman, hadi kazini. Na hapo ndipo penye shida, maana kazini ndiye supavaiza wangu. Anapanga rosta, na fomu za likizo zinapita kwake.

Mwaka huu akajitokeza Naliaka, dada wa mapokezi kwenye hoteli moja. Msomi, akiongea unasikiliza. Anataka ukomo wa vipindi, anataka akina dada wa kazi za nyumbani ambao hawapati off wapige kura kwa simu, na zaidi ya yote anataka kura ya siri.

Sisi tunapiga kura kwa mlolongo. Unasimama nyuma ya mtu wako mchana kweupe, mnahesabiwa, khalas.

Chairman alimjibu kwenye group: "Kura ya siri ni ya watu wenye siri. Sisi ni familia."

Mimi nilimpigania Naliaka kuliko alivyojipigania mwenyewe. Hashtag niliunda mimi. Manifesto yake ya PDF, kurasa kumi na nne, nilisambaza mimi, ingawa sikuvuka ukurasa wa pili kwa sababu ya usingizi.

(Mikutano yake ya Zoom aliiweka saa nne asubuhi, saa ambayo walinzi tuko lindoni na simu ziko kwenye kabati. Hakuna aliyemwambia. Tulikuwa tunampenda sana.)

Chairman alikuwa anasoma yote hayo kwenye group. Tiki za buluu, hasemi neno.

Sasa wakuu, nina binti wa miaka miwili. Alizaliwa miezi mitatu baada ya mimi kupanda ndege. Sijawahi kumshika. Kwenye simu ananiita uncle, kwa sababu kwake kila mwanaume wa kwenye simu ni uncle. Desemba anabatizwa. Niliomba likizo, na fomu ikakaa mezani kwa Chairman wiki tatu.

Wiki ya mchujo akanipitia lindoni.

"Fomu yako nimeiona," akasema. "Wacha tumalize Jumapili kwanza, halafu tutaongea, inshallah."

Akaendelea na raundi yake.

Jumapili tukakutana kwenye bustani moja kule International City. Tulibeba keki ili tuonekane tuna birthday, maana mkutano mkubwa huku ni maswali ya polisi. Keki alinunua Chairman na juu yake imeandikwa jina lake. Naliaka akalalamika kwamba hiyo ni kampeni. Akakatiwa kipande.

Mlolongo ukaitwa.

Simiyu, anayelala kitanda cha juu yangu, ambaye kwenye group hajawahi kutuma hata emoji, alienda moja kwa moja nyuma ya Naliaka. Na fomu yake ya likizo ilikuwa meza ileile.

Akanigeukia. "Bro, si ukuje?"

Chairman alikuwa ananitazama huku anatabasamu, kisu cha keki mkononi.

Nikasimama nyuma ya Chairman. Tisheti ya kampeni ya Naliaka nilikuwa nimeivaa ndani ya jaketi. Nikafunga zipu mpaka shingoni, kwenye lile joto mnalolijua.

Ishirini na nne kwa ishirini na tatu. Chairman akapita. Ningehama mimi peke yangu, matokeo yangegeuka.

Naliaka alikuja kunipa mkono. "Ni sawa kaka, una familia," akasema. Afadhali angenitukana.

Jumanne fomu zikarudi. Simiyu amekubaliwa. Kila aliyesimama nyuma ya Naliaka kwenye kampuni yetu amepewa likizo Desemba, hata mmoja ambaye hakuwa ameomba.

Yangu imekataliwa.

Nikaenda ofisini kuuliza. Chairman alinimiminia chai kwa mkono wake.

"Desemba tunakutana na wa bondeni," akasema. "Hao wengine siwaamini, wanaweza kusimama upande wa pili. Wacha waende wapumzike. Lakini wewe umenionyesha uko wapi. Nakuhitaji kwa laini, nyuma yangu."

Nilimaliza chai, wakuu. Nikasema asante.

Simiyu kwao ni jirani na kwetu, kwa hiyo nimemwomba anisimamie kanisani. Juzi tulipiga video call, mke wangu akamwonyesha mtoto mtu atakayekuja. Mtoto akamwangalia Simiyu, akaniangalia mimi, akauliza, "Ni uncle gani anakuja?" Simiyu aliinamisha kichwa. Nikamwonyesha kwa kidole: huyu.

Nilichojifunza ni kwamba nilidhani nakwenda kununua likizo, kumbe nimejiandikisha kuwa mtu wa kutumwa, na mtu wa kutumwa haruhusiwi kwenda mbali. Nimejichukia kidogo, sitawaficha.

Wenye kunicheka karibuni, nimestahili. Ila kabla hujacheka niambie ukweli: fomu ya mwanao ingekuwa kwenye ile meza, wewe ungesimama wapi?