Msimamizi wa zege aliyehamishia kikao cha saiti nyumbani

Je, msomaji, umewahi kusimama ukaangalia zege likipanda ghorofani bila kupumzika, karai kwa karai, mkono kwa mkono?

Ni Ijumaa asubuhi mjini Bariadi. Jua halijakolea, na mashine ya kuchanganyia zege imeshaanza kunguruma. Saidia fundi wamejipanga kwenye ngazi ya mbao kuanzia chini hadi juu kwenye nondo. Karai lililojaa linapanda, tupu linashuka, na hakuna anayetazama, maana mikono yenyewe inajua.

Karibu na lundo la kokoto amesimama mwanamke mfupi. Kitenge amekifunga juu ya suruali, miguuni buti za mpira, kichwani kofia ngumu ya njano iliyopauka. Anachota zege kidogo, analifinya, anatazama maji yanavyochuruzika kati ya vidole.

"Maji punguza," anasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Mtu wa mashine anapunguza.

Huyu ni Justina Mihayo, miaka arobaini na mbili, msimamizi wa saiti. Siku ya zege la juu hakuna kusema tupumzike tukale. La asubuhi likishika kabla la mchana halijafika, hapo katikati ni ufa. Basi chakula ndicho kinachowafuata watu. Mama lishe Flora anafika na wali maharage, mmoja anatoka kwenye mstari, mwingine anaingia nafasi yake, na mstari haukatiki. Ukitazama, mwili unasisimka.

"Mayu, leo umetunyima hata pa kukaa!" anatania fundi Yakobo, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Utakaa kwako. Mkeo kashakuandalia kiti."

Wanacheka. Karai linapanda.

Cha ajabu zaidi ni jioni. Zege limesawazishwa, Justina anamkabidhi Yakobo kazi ya kulimwagilia, anavua kofia, anaondoka. Jua bado lipo! Na hampigii Yakobo simu hata mara moja kumuuliza amefikia wapi.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka juzi alimleta mama yake, Bi Kwandu, kutoka Lingeka wilayani Meatu, baada ya mzee huyo kuugua kifua. "Nikawa natoka amelala, narudi amelala," anasema Justina. "Nimemtoa kwenye ng'ombe wake nikamleta kutazama ukuta."

Kisha kampuni ikampeleka Mwanza kwenye semina ya usimamizi wa miradi. Wenzake walirudi na vyeti. Yeye alirudi na swali.

"Mwalimu alisema anza na siku ya kukabidhi, halafu hesabu kurudi nyuma. Kila kazi iwe na mwenyewe, na ukishampa, usimsimamie mgongoni. Na acha muda wa akiba, maana mvua haiombi ruhusa. Nikajiuliza, mbona kwangu hakuna hata kimoja?"

Akaanza. Alichokiweka mwisho wa siku ni kukaa na mama kabla giza halijaingia, na kazi zote zikapangwa kurudi nyuma kutoka hapo. Ndiyo maana zege lake linaanza mapema kuliko la wengine. Kazi za Jumapili alizikataa, na posho yake ya elfu thelathini ikaenda. Chakula cha jioni alimkabidhi mumewe, Luhende, fundi baiskeli.

"Ugali wangu wa kwanza ulikuwa uji," anasimulia Luhende. "Akautazama, akala wote. Nikasema, kweli semina imemwingia huyu."

Akahamishia nyumbani na kikao cha saiti. Kila asubuhi wanasimama uani wote watatu, kila mmoja aseme atafanya nini na nini kinamkwamisha. Bi Kwandu jibu lake ni lilelile, macho chini: "Sina shida."

Lakini wiki hii amefunga mfuko wake. Kaweka vitenge, blanketi na michembe, viazi vilivyokaushwa vya kula njiani. Jumapili mpwa wake Selestini atapita na gari, na bibi amesema anaondoka naye moja kwa moja, arudi Lingeka.

"Nimemnunulia redio, nimemletea kuku wa kufuga," anasema Justina akiwa njiani kwenda nyumbani. "Maghorofa nayaweza. Hili limenishinda."

Anamkuta mama yake uani akimenya karanga, ameupa mgongo ule upande anaofanyia kazi Luhende.

"Mwadila, mayu," Justina anamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Luhende, njoo tukae kikao."

Luhende anasogea na spana mkononi, kisha anasimama. Anacheka kidogo, kwa upole.

"Justina, bado hujaona? Kila siku unamuuliza mkwe wangu haja yake na mimi nimesimama hapahapa. Mzee wa Lingeka aeleze shida zake mbele ya mkwe? Aseme nini zaidi ya hana shida?"

Justina anashika mdomo. Kwa Wasukuma wa umri wa Bi Kwandu, mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawali pamoja, sembuse kuambiana haja. Anayejua kupanga watu kwenye mstari alikuwa amewapanga hawa wawili vibaya, kila asubuhi.

"Naenda kutafuta spoku," anasema Luhende. Spoku zimejaa kopo pale pale. Anapanda baiskeli, anaondoka.

Justina anavua buti, anakaa chini karibu na ungo wa karanga. Leo haulizi kinachokwamisha.

"Unataka nini, mayu?"

Maganda yanaendelea kudondoka. Bi Kwandu anakung'uta mapaja, anainua uso.

"Kila siku unatoka hapa msafi, unarudi na saruji hadi kwenye nyusi. Majirani wananiambia mwanao kajenga lile, kajenga na lile. Mimi nimejua buti zako tu. Nikasema, kama kazi ya mwanangu sitaiona, basi nikaone ng'ombe."

Anamshika mkono, anakwangua saruji iliyokaukia kwenye kidole.

"Nilitaka unipeleke. Nipande huko juu ya zege lako, nisimame, nitazame upande wa kwetu."