Kayaki Nyekundu Niliyomchagulia Msusi

Ukipita ufukoni kwetu asubuhi utamsikia akisifiwa kabla hujamwona. Watakuambia ni mwanamke wa shoka, anavua peke yake, hana injini wala mwanamume wa kumsukumia chombo. Wanaomsifu wamemkuta akiwa juu ya maji. Mimi nilimkuta nchi kavu, na ndiye aliyenivunjia nyumba, kwa hiyo habari zake acha nizieleze mimi.

Alikuwa msusi. Alipanga chumba cha mbele katika nyumba ya vyumba sita, pazia la maua mlangoni, kioo kilichopasuka pembe kimeegemezwa ukutani. Alisuka akiwa kitini, mteja chini kwenye mkeka, kichwa kimebanwa katikati ya magoti yake. Ukishabanwa pale hugeuki. Unatazama miguu ya wapita njia chini ya pazia, na unaongea, maana saa tano za kusukwa ni nyingi. Miaka saba, kila wiki ya pili, niliongea. Nilimwambia kwamba mume wangu, dereva wa lori, hapendi kuulizwa maswali akitoka safari. Kwamba chai anainywa ikishapoa. Kwamba akinuna usimbembeleze, mtilie maji ya kuoga kisha mwache. Wenzangu wenye akili huficha hata jina la sabuni ambayo mume anaipenda. Mimi nilimpa mwenzangu ufunguo nikamwonyesha na mlango.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kichwani mwangu, kinanisuka.

Dereva aliondoka bila ugomvi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema kule kwa msusi anapumzika. Nilibaki na binti yetu, wakati huo yuko darasa la tano, na kitanda kilichokuwa kikubwa ghafla. Nikanyoa nywele zote. Watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa, nami sikuwasahihisha.

Kazi nilipata katika duka la vifaa vya uvuvi, karibu na gati. Sikusoma, herufi nimezijua ukubwani, kwenye maboksi ya ndoana. Lakini mkono haudanganywi. Nitilie ndoana kiganjani nimefumba macho, nitakutajia namba yake. Bosi wangu, mzee mpole anayesinzia baada ya chakula cha mchana, alizoea kuwaambia wateja wamuulize mama, yeye ni wa kufungua na kufunga tu.

Siku moja hoteli iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake ilituletea kayaki mbili za kuuza. Kayaki ni kama mtumbwi mdogo, ila ni ya plastiki, unaketi juu yake miguu imenyooka mbele, na kasia lake lina bapa huku na huku. Moja ilikuwa ya kijani, fupi, pana kama meza. Nyingine nyekundu, ndefu na nyembamba, imechongoka mbele na nyuma. Fundi aliyezileta alimweleza bosi, bosi akasinzia, nikasikiliza mimi. Alisema anayeanza apewe pana, haipinduki ovyo. Nyembamba ina mbio lakini haina huruma, ni ya mtu aliyekwisha kuzoea.

Ile ya kijani niliipenda mpaka nikawa naionea haya. Bosi akisinzia nilikuwa naketi ndani yake hapo hapo dukani, katikati ya nyavu na makopo ya rangi, nimeshika ufagio kama kasia. Nilimwomba anitunzie mpaka nijikusanye. Akaniambia, sawa mama, ila akija mteja kabla yako sitamfukuza. Nikawa naifunika kwa turubai. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nauza kila kitu humo ndani isipokuwa hicho kilicho chini ya turubai.

Halafu mwaka juzi akaingia yeye.

Nilikuwa nimesikia kwamba vidole vimemgomea. Miaka ishirini ya kuvuta nywele za watu ilimwachia mikono isiyokunjika, asubuhi hawezi kushika kikombe, na daktari alimkataza kusuka. Dereva naye mgongo ulikwisha, yuko nyumbani anasikiliza redio. Sitasema uongo, habari hizo zilinifaa kama dawa. Na sasa amesimama mbele ya kaunta, amejifunga kitambaa kichwani, ananiita dada kana kwamba tuliachana jana kwa amani. Akasema amesikia ng'ambo ya ziwa wanawake wanavua kwa kayaki, hawanunui mafuta, hawagawani na mtu. Anataka kujaribu. Bosi akafungua jicho moja akasema, mhudumie mteja, mama.

Ikabidi nivute turubai.

Akazizunguka zote mbili polepole. Akagusa ile ya kijani, akaigonga, akapiga magoti akachungulia chini yake. Nilihisi kama anapapasa kitanda changu mara ya pili.

"Dada, mimi sijui kitu," akasema. "Ungekuwa wewe, ungechukua ipi?"

Swali hilo kila mwenye duka ameulizwa, na jibu lake huwa ni la kweli, maana unajibu kwa moyo wako. Mimi ningechukua ya kijani. Na yeye aliyekuwa hajawahi kushika kasia ilimfaa hiyo hiyo ya kijani, hakuna nyingine. Nikisema kweli, anaondoka nayo, kama alivyoondoka na kile kingine.

"Nyekundu," nikamwambia. "Wewe mwembamba, inakukaa. Hiyo pana ni ya sisi wanawake wazito."

Akacheka, akasema nina jicho.

Vingine vyote nilimpa kwa haki. Nilitaka alowe, sikutaka afe. Nilimvisha jaketi la kuelea nikalivuta mabegani kwenda juu. La kwanza lilimpanda mpaka masikioni, nikalirudisha, nikampa dogo lililomshika mbavu. Nikamwonyesha filimbi ya kuning'iniza kifuani. Kasia nikampa jepesi, kwa ajili ya vile vidole, nikamwambia alishike kama unavyoshika kifaranga. Fimbo ya kuvulia nikamchagulia fupi, maana ndefu ukiwa umeketi inakuzuia kumfikia samaki wako mwenyewe. Nikamkatia vipande vya kamba vya kufungia fimbo, kisu na kopo la chambo, nikamwambia juu ya kayaki kitu ambacho hukukifunga tayari ni cha ziwa. Alisikiliza kama nilivyokuwa namsikiliza yeye zamani, kichwa kimeinama. Alinishukuru mara tatu.

Kesho yake niliamka mapema nikaenda ufukoni na ndoo, kana kwamba nimefuata maji.

Alianguka kabla hajaketi vizuri. Akapanda, akaanguka upande wa pili. Akapanda tena, akapiga kasia mara mbili, chubwi. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua. Mimi ndiye niliyemwita Mama Chubwi, na mpaka jua linakuwa kali jina limekwisha kufika sokoni. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Nilikwenda siku zote, na ndoo yangu ile ile. Kuna vicheko vinavyoshibisha kuliko chakula, na mimi nilikuwa na njaa ya miaka mingi.

Lakini siku ya nane hakuanguka.

Nilisimama pale nikitafuta sababu, na nilipoiona nikaweka ndoo chini. Ile kayaki nyekundu ina nundu katikati ya mapaja, pa kuwekea chupa ya maji. Alikuwa ameibana kwa magoti. Aliibana kama kichwa cha mteja. Chombo kikilala kulia, kiuno chake kinafuata, kikilala kushoto kinafuata, na mikono juu inaendelea na kazi yake bila habari. Miaka ishirini amebana vichwa vya watoto wasumbufu wanaolia na kuvutana, na hajawahi kukosea mstari. Vile vidole visivyokunjika navyo vilishika kasia kwa ulegevu, kama fundi anavyotaka, wakati sisi wenye mikono mizima tunalikaba mpaka tunachoka. Alikuwa analisuka ziwa.

Mwezi haukuisha akaanza kufika mbali, kule kwenye kina ambako kambale wakubwa hulala, na anarudi wengine hawajafika. Ile nyembamba, ukishaiweza, inapita kama mkasi kwenye kitambaa. Hilo fundi alilisema pia. Mimi nilikuwa nimesikia nusu niliyoihitaji.

Nami nilinunua ile ya kijani yangu. Ni pana, ni tulivu, ni polepole kama maharusi. Nikifika kwenye matete namkuta anarudi, ananipungia kasia. Watu wakimuuliza alipataje chombo kizuri namna ile, ananinyooshea kidole mbele za watu: yule dada ndiye aliyenichagulia, ana jicho huyo. Wananipongeza. Muuza barafu aliniambia mimi ni mwanamke mwenye moyo mkubwa, kumsaidia mtu aliyenifanyia vile. Nilimjibu ahsante. Ungefanyaje? Umemchimbia mtu shimo, kachota humo maji, na anakugawia.

Binti yangu sasa ni mtu mzima, anaandikisha wagonjwa zahanati. Siku za mapumziko huenda kumwona baba yake, na sikumkataza, mgongo wa baba ni mgongo wa baba. Kisha nikaona mikono yake imebabuka na jua. Akaniambia kwamba mama mdogo humpeleka ufukoni. Mama mdogo. Sikumfundisha mimi neno hilo. Nilisugua sufuria moja mpaka usiku ukaingia.

Jumamosi iliyopita wakaingia dukani wote wawili, wanacheka jambo walilolianza njiani. Bosi alikuwa amepata kayaki nyingine, nyeupe, nyembamba kuliko hata ile nyekundu. Binti akaenda moja kwa moja akaikumbatia. Mchana huo huo walikuwa wanataka kwenda kule kwenye kina. Kuogelea anajua kwa kubahatisha, kama mimi.

"Mchagulie mwanao," msusi akasema, "kama ulivyonichagulia mimi."

"Hii hapa, mama," binti akasema. "Kama ya mama mdogo."

Ningeweza kusema imeshauzwa. Ningeweza kusema ina ufa. Nilikuwa na uongo wa kila saizi mle ndani, lakini angekwenda duka jingine akanunua nyembamba, maana sifa za ile nyekundu zilikuwa zimemjaa, na sifa zile zilikuwa na jina langu.

Nikamwambia hiyo siyo ya kuanzia. Nyembamba inapinduka, anayeanza anachukua pana.

"Mbona mama mdogo alianza nayo?"

Bosi alikuwa macho, kwa mara ya kwanza mchana. Nikapanga maboksi ya ndoana yaliyokuwa yamepangwa. Msusi ndiye aliyeelewa kwanza. Niliona inamwingia taratibu, na kile kicheko cha njiani kikimtoka usoni.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Na ya kijani nilikuwa naitaka mimi."

Kwa miaka kumi na moja nilimsubiri anitukane. Nilikuwa na majibu yamekaa tayari, mengine nimeyatunga nikiwa nachambua samaki, mengine kitandani. Angesema neno moja tu ningemtolea yote, tangu mkekani. Alijitazama magoti, pale ambapo nadhani michubuko ya wiki ile ya kwanza ilikuwa.

"Nilikuwa naanguka nikijilaumu mwenyewe," akasema. "Nikisema dada kanipa kitu kizuri, mimi ndiye mjinga."

Binti yangu aliachia kayaki nyeupe. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyetaja umri wa uongo.

Hapo ndipo niliponyang'anywa cha mwisho. Mume alichukua, sawa. Ziwa, sawa. Mtoto nguo zake zinanuka moshi wa jiko la kule, sawa. Lakini kukosewa kulikuwa kwangu peke yangu. Nililala nako, nikaamka nako, mtaa mzima ukijua ni kwangu. Sasa naye amekosewa, tena na mimi, na anajua kukaa nako vizuri kuliko mimi, bila kelele, amesimama wima.

"Mpe ile yako pana," akaniambia. "Mpaka azoee."

Hakuniomba. Alisema kama mtu anayemwelekeza mwenye duka. Na alichosema kilikuwa sahihi, kila mwenye kujua kayaki angesema hivyo hivyo, hata mimi. Nikatoa kamba na kasia. Nikamvisha binti jaketi, nikalivuta mabegani, halikupanda. Hakunitazama nilipokuwa namfunga vifungo, na sikumwambia angalia huku.

Tukaibeba ya kijani kutoka nyuma ya duka mpaka majini, watu watatu. Msusi alishika mkia, binti akapanda. Ilitulia chini yake kama nilivyojua itatulia. Akashika kasia, akageuza shingo, akauliza aketi vipi ili isiyumbe.

Hakuniuliza mimi.