Kamera Yenye Mkanda wa Zambarau

Kaka yangu na mimi tulikubaliana mambo mawili nje ya hospitali, tumesimama kwenye kivuli cha ukuta huku mama akitusubiri ndani ya bajaji. La kwanza, mama asiambiwe alichosema daktari. La pili, zitafutwe hela za kumpeleka Mbeya, huenda huko wangesema vingine. Kaka alishikilia kwamba mama akijua ataacha kula, kama alivyofanya dada yake, ambaye alisusa chakula siku ileile aliyoambiwa na hakufika mbali. Nilikubali haraka, maana na mimi sikutaka kuwa mtu wa kumwambia. Tukarudi kwenye bajaji, tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Mama akasema, "Haya," akaangalia barabara.

Nilikuwa nimerudi Misunkumilo, hapa Mpanda, kumuuguza, nikitokea Inyonga nilikoolewa. Kule nilikuwa napiga picha kwa simu, za ubatizo na za watu wanaotaka kujiona wamesimama na pikipiki mpya, na hakuna aliyelalamika. Mpanda mjini ni habari nyingine. Malipo ya tumbaku yakitoka, harusi zinafuatana, na kamati za harusi zina dharau: ukifika na simu wanakuuliza mpiga picha mwenyewe yuko wapi. Nikaapa nitapata kamera kubwa, ile ya lenzi ya kutoa na kuweka, hata kama imepita kwenye mikono ya watu wengi. Kaka akauza mbuzi, mimi nikauza cherehani yangu. Hela iliyopatikana ilikuwa ya kuonea aibu, lakini ndiyo tuliyokuwa nayo, na safari ya Mbeya ilitegemea kamera hiyo ituingizie nyingine.

Wa kwanza kutaka kuniuzia alikuwa kijana wa duka la simu pale sokoni. Kamera yake ilikuwa imefutwa mpaka inang'aa, jambo ambalo peke yake lilinitia shaka. Nilimulika lenzi kwa tochi ya simu nikaona nyuzi nyeupe ndani ya kioo, kama zile za mkate uliolala siku nyingi. Ukungu, na ukungu wa lenzi hautoki. Akasema ni vumbi tu, ukipuliza linatoka. Nikamwambia basi apulize yeye. Wa pili alikuwa Dar es Salaam, nilimpata mtandaoni, akitaka hela kwanza halafu kamera ije na basi. Sauti yake ilikuwa tamu mno. Nikakata simu.

Wa tatu nilielekezwa na mama mmoja wa mgahawa. Alisema kuna mzee karibu na stesheni ya treni, alikuwa mpiga picha, ameacha kazi, anauza kamera yake. Alipokuwa ananielekeza hakuniangalia usoni. Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Mzee alikuwa amekaa barazani, macho yake yote mawili yameingia weupe. Mke wake ndiye aliyeileta kamera, imefungwa ndani ya khanga. Niliikagua kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Nilimulika lenzi, safi. Nilipiga picha ya ukuta mweupe nikaikuza, sikuona doa. Nilizungusha pete ya lenzi, haikukwama wala kulegea. Betri haikuwa imevimba. Nikaingiza picha moja kwenye simu na kutafuta ile namba inayoonyesha kamera imeshapiga picha ngapi tangu itoke kiwandani, kwa sababu hapo ndipo wauzaji wengi wanapoumbuka. Namba ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliisoma mara ya pili. Kisha mzee akataja bei, na bei nayo ilikuwa ndogo. Badala ya kufurahi, nikamulika lenzi tena.

"Mzee, mbona unaiuza bei ya chini hivi?"

"Watu wa hapa mjini hawaitaki."

"Ina tatizo gani?"

"Haina tatizo. Si umeikagua mwenyewe?"

"Na picha ilizopiga ni chache sana."

"Kazi yangu haikuwa ya picha nyingi," alisema. "Nyumba moja, picha mbili tatu, natoka."

Nikadhani anazungumzia picha za pasipoti. Mke wake alinikabidhi kamera, akashika mkanda wake wa kuvalia shingoni. Ulikuwa wa ngozi, juu yake pameshonewa kitambaa cha zambarau. "Huu ubadilishe, mama," aliniambia, "kabla hujaanza kutembea nayo." Nikamshukuru. Moyoni nikasema mkanda mwingine ni gharama nyingine, na huu umeshonwa vizuri kuliko nguo nilizokuwa nashona mimi. Nikauvaa shingoni.

Nilipanda bodaboda pale stesheni. Kijana aliangalia kifua changu, akaniuliza naenda nyumba gani. Bodaboda huwa wanauliza mtaa, hawaulizi nyumba. Nikamwambia nyumbani kwetu, Misunkumilo. Njia nzima alikwepa kila shimo kama aliyebeba mayai. Tulipofika nikatoa nauli, akaisukuma ile noti irudi mkononi mwangu.

"Acha tu. Pole, dada."

"Pole ya nini?"

Akageuza pikipiki akaondoka. Nilisimama pale barabarani nimeshika noti yangu. Kisimani, akina mama waliokuwa wanapampu maji waliacha. Jirani yetu, mwanamke ambaye redio yake haijawahi kutulia tangu nirudi, alinitazama nikipita, akaingia ndani akaizima. Halafu akatoka tena na kuwaita watoto wake waliokuwa wanachezea uani kwetu. Aliwaita kwa sauti ya chini, kwa mkono zaidi kuliko kwa mdomo. Nilikaribia kukimbia, nikiamini mama amefia nyumbani nikiwa kwenye starehe zangu za kununua kamera.

Mama alikuwa mzima, amekaa mkekani mlangoni anamenya karanga. Alinyanyua uso akitabasamu, macho yakashuka mpaka kwenye mkanda, na tabasamu likaishia hapo. Aliweka karanga aliyokuwa ameishika. Akajipangusa mikono polepole.

"Nyie mmekubaliana lini?" aliniuliza.

"Tumekubaliana nini, mama?"

"Wewe na kaka yako."

Kukubaliana tulikuwa tumekubaliana kweli. Alinionyesha nikae. Akanieleza kwa utulivu, kama anavyomweleza mgeni wapi pa kuchota maji, kwamba hii kamera mtaa mzima unaijua. Mgonjwa akishindikana, watu wa nyumba wanakaa wanaelewana, halafu anaitwa yule mzee wa stesheni aje kuchukua picha ya kuwekwa mbele ya jeneza, mgonjwa akiwa bado ana sura yake. Kitambaa cha zambarau mke wake alikishona ili wenye nyumba wamtambue kwa mbali na kumpisha. Mgonjwa mwenyewe anaambiwa ni picha ya bima.

"Kwa jirani hapa ilikuja," alisema mama. "Kwa mwalimu wa kwaya ilikuja. Haijawahi kuingia nyumba ikatoka bure."

"Mimi nimenunua ya harusi, mama. Ya kutafutia hela. Sikujua."

"Hukujua, naamini. Wewe ni wa Inyonga siku hizi." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi nilitegemea mtamwita mzee. Kumbe mmenunua kabisa."

Nikaanza kuuvua ule mkanda. Nilitaka kuutupa chooni pamoja na kamera yake, Mbeya na kila kitu. Mama akanishika mkono.

"Usiivue. Niletee kitenge changu cha kanisani."

Nilikataa. Nikasema upuuzi mwingi, kwamba mwanga ni mbaya, kwamba betri imekwisha. Akasubiri nimalize, kisha akainuka mwenyewe kukifuata, akishikilia ukuta. Alirudi amekivaa, na kilemba amefunga, akakaa kwenye kigoda na mlango wa bluu nyuma yake. Nikamweka kwenye kioo cha kamera. Kwa simu sikuwahi kuona alivyokonda. Ile lenzi safi niliyoisifu ilinionyesha kila mfupa wa shingo yake, nikabaki nimeweka kidole kwenye kitufe.

"Piga, mwanangu. Nachoka kukaza shingo."

Nikapiga. Akataka kuiona. Aliishika kamera kwa mikono miwili akaiangalia picha kwa muda mrefu.

"Hapana. Nimekunja uso, watu watadhani nilikufa na ugomvi. Rudia."

Nikarudia. Safari hii aliniangalia mimi, hakuiangalia lenzi, na ilitoka vizuri. Alipoiona akatikisa kichwa kukubali, akanirudishia kamera, akavuta ungo wake wa karanga karibu.

"Haya," alisema. "Sasa niambie alichosema daktari."

Nilifunika lenzi. Nikakaa mkekani pembeni yake, nikachukua karanga kadhaa za kumenya ili macho yangu yapate pa kuangalia, nikamwambia.