Likija Sanduku Jipya

Tak!

Hiyo ndiyo sauti iliyobaki. Mwalimu alikuwa akikibonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia kwenye kibodi kwa kidole cha kati, kutoka juu, kama mtu anayemuua kunguni aliyemwinda wiki nzima. Aliandika polepole, tik, tik, tik, halafu tak! Na kitu kikatokea kwenye kioo. Mumewe akiwa jikoni alikuwa akiisikia, akajua kazi imekwisha, akabandika maji ya chai.

Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu Mwalimu afariki. Kompyuta yake ilikuwa palepale, kwenye meza ya karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Mumewe alikipangusa kitambaa vumbi kila asubuhi, lakini hakukiinua.

Huyo mume alikuwa fundi saa. Miaka thelathini na minane alikaa kwenye kibanda cha vioo, upana wake hauzidi mlango, akiwa na kikuza, kijioo cha kukuzia, kimemganda jichoni. Watu wakambatiza Sekunde, jina likamnata hadi mkewe akalisahau la kwenye cheti. Nyumbani waliitana kwa kazi zao. "Fundi, njoo ule." "Mwalimu, nakuja." Mwalimu alifundisha kompyuta shule ya sekondari, na alipostaafu aliibeba ile mashine kuukuu ya ofisini kwake, akafuta yote yaliyokuwamo, akaiwekea mfumo wa Linux, ambao nembo yake ni pengwini. Akaibandika na picha ya huyo pengwini ubavuni.

"Mbona umeweka ndege?" Sekunde aliuliza siku hiyo.

"Ndiye mwenye nyumba, Fundi. Msalimie."

Kila Ijumaa jioni Mwalimu alizungumza kwa picha na shemeji yake, kaka mkubwa wa Sekunde, aliyekuwa akiishi nchi ya mbali. Sekunde hakuwahi kuketi mbele ya kile kioo. Aliketi jikoni, mlango umerudishwa nusu, akisikiliza kicheko cha kaka yake. Miaka tisa nyuma mama yao aliugua, kaka akaitwa, akafika siku mbili baada ya maziko. Sekunde alimkuta mlangoni na begi mkononi, akamwambia maneno matatu: "Umechelewa. Rudi ulikotoka." Kaka akarudi. Tangu hapo wakawa ndugu wa kusikilizana kupitia mlango, na mmoja wao tu ndiye aliyejua.

Kisha Mwalimu akaondoka, Ijumaa zikanyamaza. Na wiki hii binti wa kaka yake akapiga simu.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Binti alikuwa akijizuia kulia. Baba yake alikuwa na uvimbe kooni. Walishampasua, sauti ikaenda moja kwa moja. Sasa hata pumzi ilikuwa ikimsumbua. Alhamisi, saa tano kasorobo asubuhi, wangempeleka kwenye chumba cha mashine za kupumulia na kumlaza kwa dawa. Madaktari hawakuahidi kwamba angeamka. "Ameandika kwenye karatasi, baba mdogo. Ameandika: nataka kumwona mdogo wangu. Saa nne kamili muuguzi atamkalisha. Nimetuma kiungo kwenye barua pepe ya mama mdogo. Ukiwasha ile kompyuta yake, itafunguka yenyewe."

Kisimu cha Sekunde kilikuwa cha vitufe, hakina picha. Na mtu asiye na sauti utaongea naye nini kwenye kisimu cha vitufe?

"Nitakuwepo," alisema.

Jumatano mchana, kwa bahati aliyoiona njema, mtu wa kampuni ya intaneti alikuja na ngazi yake. Walikuwa wakibadilisha visanduku vya kuleta mtandao vya mtaa mzima. Aling'oa kile cheusi cha zamani, akachomeka cheupe chenye antena mbili, akatazama simu yake, akasema, "Inaruka hii, mzee," akatia sahihi kwa niaba ya mteja, akaenda zake.

Alhamisi saa tatu na dakika ishirini Sekunde alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akakikunja kitambaa mara nne. Akawasha. Mashine ikakohoa, ikawaka. Barua pepe ya Mwalimu ikajaribu kufunguka, ikazungusha kile kiduara chake, ikazungusha, mwisho ikaandika kwamba hakuna mtandao.

Akaizima na kuiwasha tena. Kiduara kilekile.

Ndani ya droo ya meza hiyo mlikuwa na daftari. Alilijua. Jalada la kijani, na juu yake mwandiko wa Mwalimu: *Daftari la Mgonjwa*. Kila kompyuta ilipougua aliandika dalili na tiba, kwa maneno ya kumwelewesha asiyejua, na zaidi ya mara moja alisema, "Nakuandikia wewe, Fundi, siku nitakapokuwa sokoni." Sekunde alikishika kishikio cha droo. Mwandiko ule hakuwa ameuona tangu msiba. Akakiachia. Akapigia simu kampuni.

Wakampigia muziki. Mwanamke wa kwenye kanda akamwita mteja wetu mpendwa mara kumi na moja. Saa tatu na dakika hamsini akapatikana mtu.

"Bonyeza Start, mzee wangu. Chini kushoto."

"Hakuna."

"Hakuna Start? Kuna nini?"

"Kuna pengwini."

"Mzee wangu, naomba tuwe makini. Kuna nini?"

"Ndege. Wa baridi. Kompyuta ni ya Linux."

"Ah. Hiyo sisi hatuihudumii. Lakini huku kwangu naona sanduku lako linafanya kazi vizuri kabisa. Taa zote kijani. Je, umeridhika na huduma yetu?"

Alichomjibu hakifai kuandikwa. Saa ya ukutani ikagonga nne, na saa nyingine saba za chumbani zikaifuata, kila moja kwa sauti yake.

Kisimu kikalia papo hapo. "Baba mdogo, tupo. Baba amekalishwa. Anatazama kioo."

"Mtandao umenigomea, mwanangu."

"Hakuna jirani mwenye simu ya picha?"

"Jengo zima liko kazini. Nimebaki mimi na paka wa ghorofani. Mwambie… mwambie naja."

Ndipo akaivuta droo.

Ukurasa wa kwanza ulimpokea kama mtu anayemngoja muda mrefu. *Fundi, kwanza kaa. Pili, usimpigie mtu simu na kumfokea. Tatizo lenyewe mara nyingi liko humu ndani.* Alisoma sentensi hiyo mara mbili, na machozi yakamjia pamoja na hasira juu yake mwenyewe, kwa zile dakika zote za simu. Akayapangusa kwa mkono wa shati.

*Hatua ya kwanza: taa ya kwenye tundu la waya. Ikipepesa, waya ni mzima.* Akainama nyuma ya mashine. Ilipepesa.

*Ya pili: fungua dirisha jeusi. Uiulize mashine kama inajijua.* Pembeni alimchorea mahali pa kubonyeza, kisha neno *ping*, nafasi, na namba. Sekunde akaandika kwa kidole kimoja, akihakiki kila nukta kama mtu anayepachika jino la gurudumu. Mistari ikaanza kushuka. Mashine ilijijua.

*Ya tatu: liite sanduku.* Namba nyingine: 192.168.0.1. Akaiita. Kioo kikangoja, kisha kikaandika sentensi ya Kiingereza yenye neno *Unreachable*, kikairudia, kikairudia. Mwalimu alikwisha kuliandika neno hilo pembeni, na tafsiri yake: *Nimefika mtaani, nyumba siioni.*

"Siioni vipi?" Sekunde alisema kwa sauti. "Hili hapa limekaa."

Akalichukua lile sanduku jeupe, akalipindua na waya zake zote. Tumboni palikuwa na karatasi ya maandishi madogo kama ya mgongoni mwa saa ya kike. Akatia kikuza jichoni. Jina la sanduku. Neno la siri. Na chini kabisa, anwani yake: 192.168.1.1.

Moja. Si sifuri.

Hapo akaelewa. Mashine haikuwa mbovu, na sanduku halikuwa bovu. Mashine ilikuwa ikibisha hodi kwenye nyumba ya zamani, ambayo mwenyewe alishahamishwa jana mchana na kupakiwa kwenye gari. Ingebisha hadi kesho, kwa adabu, bila kukata tamaa.

Akapekua mbele, akitafuta neno juu ya sanduku jipya. Akalikuta ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Mwandiko ulikuwa umelegea. Bila shaka ni wa ile miezi ya hospitali.

*Namba zote nimezifunga kwa mkono, kwa sababu sanduku letu husahau. Likija sanduku jipya, niite.*

Baada ya hapo, karatasi nyeupe.

Sekunde aliketi. Saa zote nane zilikuwa zikihesabu chumbani kote. Aliliangalia neno lile la mwisho, *niite*, na kwa muda ambao hakuupima, yeye aliyepima muda maisha yake yote, hakufanya lolote. Kisha mdomo ukamfunguka wenyewe. "Mwalimu," aliita kuelekea jikoni. Jikoni palikuwa na birika na sufuria mbili.

Kisimu: "Baba mdogo, saa nne na robo. Ameanza kuchoka."

"Naja, mwanangu. Nimeliona gonjwa."

Alifungua ukurasa wa mipangilio, ule uliochorwa kwenye hatua ya nne, akaenda mpaka mahali palipo na waya. Kulikuwa na maneno mawili yaliyoandikwa kando kwa kando. La kwanza, *Manual*, yaani kwa mkono, lilikuwa na alama. La pili lilikuwa *Automatic*. Kiingereza cha Sekunde kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno hilo alikuwa amelisoma kwenye nyuso za saa elfu kadhaa: saa isiyohitaji mtu wa kuijaza ufunguo kila asubuhi. Chini yake namba za Mwalimu zilikuwa zimejipanga, moja baada ya nyingine, kama alivyoziweka.

Alijua zitafutika. Akachukua kalamu, akazinakili zote daftarini, chini ya *niite*. Ilimgharimu dakika mbili. Kisha akaihamisha alama, akakubali, akazima waya na kuuwasha.

Akaliita sanduku kwa namba yake mpya. Likajibu! Akaita namba ya nje, ile ya hatua ya tano. Ikajibu. Akaruka kwenye barua pepe, na kiduara kikazunguka, kikazunguka, hakuna mtandao.

"Usinifanyie hivi," alimwambia pengwini. "Leo usinifanyie."

Akarudi daftarini. *Namba zikijibu na majina yasijibu, mashine imepoteza kitabu cha majina. Tazama DNS.* Akatazama. Pale, kwenye kijistari chake, palikuwa na namba moja ya sanduku la zamani iliyosahaulika, nayo ilikuwa ikiulizwa majina ya dunia nzima na haiko tena duniani kujibu. Akaifuta, sifuri kwa nukta. Zima. Washa.

Barua pepe ikafunguka kwa kishindo cha barua za miezi mitano, zote alizoandikiwa Mwalimu. Hakuzitazama. Ya juu ilikuwa ya binti. Akabonyeza kiungo. Mashine ikamwuliza kama anakubali kuonekana. Akakiweka kidole cha kati juu ya kitufe kikubwa, akakishusha polepole. Hakikutoa sauti.

Saa ya ukutani ilionyesha nne na dakika thelathini na nane.

Uso wa binti ukajaa kwenye kioo. Macho mekundu, kitambaa kimelegea kichwani. "Baba mdogo! Jamani, baba mdogo."

"Yuko wapi?"

Binti aliuma mdomo. "Alikungoja nusu saa nzima, macho hapo hapo. Maumivu yakamzidi. Wamemchoma sindano ya usingizi sasa hivi tu, hata dakika tano hazijaisha." Akaigeuza simu yake.

Sekunde aliona mto, kisha kichwa. Kichwa hicho kilikuwa cha baba yao, si cha kaka yake. Miaka tisa ilikuwa imewafananisha. Macho yamefumbwa. Bomba dogo shingoni. Mkono uliolala juu ya shuka ulikuwa na saa, mkanda wake umesukumwa hadi karibu na kiwiko kwa wembamba. Aliitambua bila kikuza. Aliiunda mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, kutokana na saa tatu zilizokufa, akampa kaka yake kwenye kituo cha basi siku alipoondoka. Mshale wa sekunde ulikuwa ukitembea.

"Anaijaza ufunguo kila siku," binti alisema nyuma ya picha. "Leo ameshindwa, nimemjazia mimi."

Mtu aliyevaa bluu alipita, akagusa kitu kwenye mashine, akanong'ona.

"Muuguzi anasema wanakuja kumchukua. Anasema mara nyingine wanasikia, baba mdogo. Zungumza naye. Naiweka simu sikioni."

Picha ikayumba, ikatulia kwenye sikio, nywele nyeupe mbili tatu, na ukingo wa mto. Usiku kucha Sekunde alikuwa amepanga maneno: ya mama, ya mlangoni, ya begi, ya Ijumaa zote za jikoni. Aliyatafuta, hakuliona hata moja. Huko mbali magurudumu ya kitanda yalifunguliwa breki.

Akasogea hadi paji la uso likakaribia kugusa kioo.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, ndogo kuliko ya saa yoyote chumbani mle. "Nimechelewa."