Stima Iliporudi Katikati ya Drafti

Wasee, hii nawaambia nikiwa nimefunika uso, kwa sababu hadi leo siwezi pita mtaani kwetu Kabiro bila mtu kunipigia kelele, "Songa kushoto!"

Ilikuwa Jumapili, vijana wa Kibera wamekuja kucheza na sisi drafti nje ya duka la kunyolea la Shiundu, na anayeshindwa anaacha bodi yake. Bodi yetu si ya hivi hivi, aliichonga marehemu baba yangu. Nilipangiwa Ochi, jamaa wao wa domo ajabu ambaye hakuna mtu amewahi kumshinda, na mathe wangu mwenyewe amekaa pale anatazama. Nikajiuliza, mbona nitese kichwa changu na kuna akili ya kompyuta kwa simu, inawaza mbali kabla sijapepesa jicho? Nikaweka sikioni kaiafoni kasiko na waya, nikavuta kofia yangu ya marvin ikafunika masikio, nikaiambia simu hii ni siri yetu, nikawa nainong'onezea kila kete ilipoenda (watu walidhani naomba, mathe hata akasema "Amen").

Na woi, hiyo kitu ilicheza! Nilikula tatu kwa mpigo, Kabiro yote ikaruka!

"Huyu ni babake mtupu!" mathe akapiga kelele. Hapo roho ilinidunga kidogo, lakini nikaendelea.

Halafu stima ikarudi. Ilikuwa imepotea tangu asubuhi, kwa hivyo watu wakashangilia, na spika kubwa ya Shiundu ikawaka, spika ambayo (nilikuwa nimesahau kabisa!) jana yake niliiunganisha na simu yangu nikicheza ngoma. Ikanyakua sauti ya simu kutoka kwa iafoni. Sauti tamu ikasikika mtaa mzima: "Songa kushoto. Usijali, hajui ni mimi ninacheza."

Ochi akaangalia spika, akaniangalia, akanivua marvin.

"Ai! Kumbe nacheza na redio!"

"Sijasikia vizuri," spika ikasema. "Kete yake iko wapi?"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mathe hakucheka. Alipangusa bodi na leso yake, akampatia Ochi.

"Chukua, kijana. Wewe ndiye umecheza."

Siku hizi kila Jumapili naenda Kibera kuipigania ile bodi, simu namwachia mathe. Bado nashindwa, lakini juzi nilimla Ochi kete yake ya kingi, nikapiga nduru kama mwendawazimu! Ile akili ya simu inawaza mbali kunishinda, nakubali, na bado naishangaa. Lakini siku ile haikuona aibu hata kidogo. Aibu yote niliachiwa mimi.